Sala Iliyosafishwa

Kompyuta mpya ya Zita ilikuwa nyembamba, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha harusi, na haikujua kusoma. Kila faili la zamani lilifunguka likiwa limejaa visanduku na alama za kuuliza. Barua za wateja angeweza kuzichapa upya. Sala ya baba yake je?

Baba huyo, Mzee Qamara wa kijiji cha Nambis, ndiye aliyekuwa akiuombea ukoo wake kabla ya kupanda, kwa ile sala ndefu ya Kiiraqw iitwayo slufay, yenye maneno ya kale ambayo hata wanawe waliyaitikia tu bila kuyajua yote. Zita, mwenye duka la kuchapa mjini Mbulu, alikaa naye msimu mzima akiiandika neno kwa neno: h mbili pale sauti inapokwaruza, alama ya mkwaju, kile kijistari cha kulala upande, pale inapobanwa kooni. Ukikosea hapo umesema neno jingine. Kisha kiharusi kikamwangusha mzee, kikamnyang'anya ulimi, kikamwachia masikio. Zita akamwahidi kwamba mwaka huu ataisoma yeye.

Akamwita Baltazar, fundi wa kompyuta aliyehamia kutoka Moshi, mtu wa kujisifu bila kuombwa.

"Dada, programu yako ya zamani imepitwa na wakati, hii mpya haielewi alama zake. Nitahamisha maandishi, halafu nisafishe takataka." Akainamia kioo kilichojaa visanduku. "Hiki ni Kiswahili, siyo?"

Walimu wawili wageni walikuwa dukani wakisubiri fotokopi. Zita alichapwa sana shuleni kwa kuongea Kiiraqw, na mpaka leo mbele ya wageni alijifanya hakijui. Uso ukamwaka.

"Ndiyo," akasema. "Kiswahili."

Aibu gani hiyo, ya mtu mzima mwenye duka lake! Lakini ndivyo alivyosema.

Jioni kazi ikawa tayari. "Nimefuta na nakala mbovu, zisije zikakuchanganya," Baltazar akasema. Kompyuta ya zamani ilikuwa imeshavunjwa, vipuri vimeuzwa. Zita akaona kurasa safi, hazina kisanduku hata kimoja, akashukuru, akazichapisha karatasini, akapanda pikipiki kwenda Nambis.

"Shikamoo, baba."

Mzee akamtazama. Marahaba haikutoka.

Zita akaanza kusoma, na mstari wa kwanza ukamshinda. Akaangalia vizuri. Mikwaju yote ilikuwa imefutwa, na kila h mbili imekuwa moja. Maneno ya kila siku aliyarekebisha mwenyewe mdomoni. Ya kale hakujua hata aanzie wapi.

Akatoka nje kumpigia fundi simu.

"Dada, si uliniambia ni Kiswahili? Mimi sisomi maandishi ya watu; ile mikwaju na herufi zilizojirudia niliona ni uchafu tu."

"Na faili la zamani?"

"Nilikwambia nimelifuta."

Hakuwa na wa kumtukana, maana jibu lile la Kiswahili alilitoa yeye mwenyewe. Akarudi ndani, akaendelea kusoma kwa hasira na kwa ukaidi, machozi yakimtiririka, kwa kuwa kunyamaza aliona ni kubaya zaidi. Mzee Qamara akausikiliza upuuzi ule mpaka ukamchosha. Akainua mkono wake mmoja uliobaki mzima, akamfunika binti yake mdomo.