Maziwa ya Jioni

Hii ni siku ya nne nampa mume wangu turungi, chai isiyo na hata tone la maziwa. Leo asubuhi tena ameimaliza yote, akajifuta midomo, akasema, "Hii chai iko sawa. Kwani tuko diet?" Kisha akarudi kwenye simu yake. Nami nimekaa hapa Kimumu kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu sofa zangu alimpa ndugu yake wa Burnt Forest bila kuniuliza. Mtu amesoma mpaka chuo kikuu na hawezi kusoma kikombe!

Babu yangu hakuingia darasani hata siku moja, na angeelewa kabla hajaketi.

Nililelewa kwake, upande wa Moi's Bridge, na pale nyumbani maziwa yalikuwa na wenyewe. Ya asubuhi yalikuwa ya babu, yakapanda lori kwenda kuuzwa. Ya jioni yalikuwa ya nyanya. Alikama mwenyewe, akimwimbia ng'ombe kwa sauti ya chini. Mengine aliyatia kwenye kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, kibuyu kilichonukia moshi na mkaa, na mengine yakawa chai. Babu aliogopwa kijiji kizima, lakini maziwa ya jioni hakuyagusa. Kwa hivyo sisi watoto tuliijua hali ya ndoa yao kwa rangi ya chai. Ikigeuka rangi ya udongo, babu alikuwa amejibu vibaya mahali. Ikiwa nyeusi, tulikunywa haraka tukatafuta kazi ya nje.

Sasa siku moja babu akamtoa ng'ombe mwekundu, yule ambaye nyanya alikuwa akimkama, akampa rafiki yake aliyekuwa akitafuta mahari ya kijana wake. Alipeleka kwanza, akasema baadaye. Sijui wanaume hufundishwa wapi mpangilio huo.

Nyanya hakupiga kelele. Turungi ilianza jioni hiyo, ikaendelea wiki ya kwanza, ikaingia ya pili. Nilipokuwa nikifagia chumbani nikaona sanduku lake limetolewa chini ya kitanda, nguo zote zimekunjwa ndani. Nilikuwa na miaka minane, na niliogopa sana kwamba angerudi kwao aniache.

Babu naye, badala ya kusema pole, alipasua kuni mpaka rundo likafika dirishani. Akatengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika. Nyanya alilitazama rundo lile akasema, "Mimi sinywi kuni."

Jioni moja, saa ile majirani wote wako kwenye mageti, tukamwona babu anapanda barabara na koti lake na kofia, ameshika kwa mikono miwili jagi lenye michoro ya maua la mama jirani. Mwanaume mzima alikuwa ametoka kuomba maziwa jikoni kwa mwanamke. Akina mama walicheka wazi, naye hakugeuka. Akaingia jikoni kwa nyanya, mahali ambapo sikuwahi kumwona akikanyaga, akaliweka chini.

"Nimeomba," akasema.

Nyanya alilitazama jagi, akamtazama yeye, akawasha moto. Chai ya siku hiyo ilikuwa nyeupe kabisa. Kesho yake sanduku lilikuwa tupu. Tukimenya viazi, nyanya aliniambia, "Ng'ombe haitarudi. Lakini watu wote wameona amebeba jagi."

Wote wawili wameshakwenda. Maziwa siku hizi ni ya pakiti, ya yeyote anayefungua friji, na hakuna anayeyaogopa.

Jioni hii mume wangu ameingia na pakiti mbili mkononi. Nakuambia kweli, moyo wangu uliruka.

"Nimeona maziwa imeisha," akasema. "Si ungesema tu?"

Akaziweka kwenye friji, akavuta kiti kingine cha plastiki, akaniuliza kama nimeona chaja yake. Nimemkumbuka nyanya mpaka machozi yakanilenga. Sofa ziko Burnt Forest, maziwa yamejaa, na itabidi nieleze.