Dada Mwendo na Mistari Mivivu

Ofisini tunamwita Dada Mwendo, maana programu yetu ya barua pepe ikianza kujikokota, ndiye anayeitwa. Huinamia skrini hadi pua iiguse, kucha ikishuka mstari kwa mstari wa maandishi yanayoiendesha programu, na kila mstari anauhoji kama mama mkwe: "Na wewe, hapa una kazi au unakula tu?" Jana alimnasa mwizi wa muda. Ili kuonyesha kichwa cha ujumbe, programu ilikuwa inausoma ujumbe mzima, picha na takataka zake zote, kama tarishi anayechana kila bahasha ili ajue ni ya nani. Akaiamuru isome kichwa tu, na kikasha cha barua kikafunguka kabla sijapepesa jicho.

Bosi akaingia amewaka, habari zimeshamfikia. "Nani aliandika upuuzi huo? Leo anafungasha virago!" Kaka wa meza ya pembeni, aliyepata mtoto juzi tu, akaacha kutafuna. Jina lake, kama mwandishi wa mistari ile, lilikuwa pale pale juu ya skrini. Dada Mwendo akausogeza ukurasa taratibu mpaka likapotea.

"Hiyo sote tumeitia mkono, bosi," akasema.

Bosi alipotoka, akamgeukia kaka bila hata kutabasamu. "Vuta kiti. Mistari mingine kama hii umeiacha wapi?"