Waridi la Joyline na Mkono wa Mama Samaki

Mama samaki wa Karungu hana mizani. Humnyanyua ngege, yule samaki wa ziwani, kwa kiganja, humtikisa kidogo kama mtoto wa kliniki, hutaja uzito, na ole wako ubishe. Maua ya majirani huyapima hivyohivyo: kila asubuhi, beseni likiwa kichwani, huchutama mlangoni pa watu, hunyanyua kopo kwa mkono mmoja na kutoa hukumu. Hatii kidole kamwe kwenye udongo. "Kikiingia hapo," husema, "paka wote wa Karungu watakuja kufukua."

Joyline, mpangaji mgeni, alikuwa akimwagilia waridi lake asubuhi na jioni, na bado lilizidi kuwa manjano. Lilikuwa tawi la mwisho kutoka kwa marehemu mama yake, kwa hiyo kila jani lilipodondoka aliongeza maji, na machozi kidogo juu yake. Mama samaki akalinyanyua, akaguna. "Nyathina, mwanangu, huyu unamlea au unambatiza?" Akachomoa kisu cha kuparia magamba, akatoboa kopo chini, maji yakatiririka hadi barabarani. "Usimpe kitu mpaka awe mwepesi."

Siku ya nne Joyline alilinyanyua mwenyewe. "Mama, leo ni jepesi! Nimpe?"

Mama samaki alilitazama chipukizi dogo jekundu lililochomoza pembeni. Hakusifu. Alishusha beseni la samaki, akamwekea Joyline mikononi. "Na hili?"

"Kilo nne."

"Sita! Mpe maji. Maua endelea nayo, nyathina. Samaki niachie mimi."