Radhi Niliyoiomba Nyuma ya Lori

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka husimama peke yangu barabarani nikatikisa kichwa, na wapita njia wakadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Waache wadhani. Kuna aibu ambayo mtu huizoea kadiri miaka inavyokwenda, na kuna nyingine haizoeleki. Hii yangu haijazoeleka, na sikusimulii kwa kuwa napenda kuisimulia.

Nilikuwa fundi matairi pale Chikongola, Mtwara mjini, kijana wa miaka thelathini na ushee, mwenye mke na mwenye mdomo. Mke hakuwa na shida na mtu. Karakana ilikuwa ya Mzee Ismaili, Mmakua mmoja mrefu, mtaratibu, ambaye alikuwa akikukemea kwa sauti ya chini mpaka ukatamani bora apige kelele. Ulikuwa wakati watu wa kuchimba gesi wamejaa Msimbati, na malori yao ya porini yalikuwa yakiletwa kwetu. Hayo si malori ya kubebea korosho. Tairi lake likisimama linakufika kifuani, na njia yake ni mchanga, visiki na madimbwi.

Sasa sikiliza, maana bila hili hutanielewa. Ili tairi lizunguke bila kuyumba, lazima uzito wake ulingane pande zote. Kwenye gari dogo unagonga vipande vya madini ya risasi pembeni ya rimu, kazi imekwisha. Kwenye malori yale vipande hivyo vilikuwa vinabanduliwa vyote na visiki. Kwa hiyo tuliletewa punje ndogo ngumu, nyororo, ukubwa wa ulezi, ambazo unazimimina ndani ya tairi na kuziacha huru, bila gundi wala chochote. Gari likishika mwendo, zenyewe zinatembea humo ndani zinakwenda kukaa upande ulio mwepesi, na tairi linatulia. Mimi mwanzoni nilidhani tunachezewa akili. Lakini ndani lazima kuwe kukavu kabisa. Zikikutana na maji zinashikana zinakuwa donge, na donge likikaa upande mmoja, usukani unatetemeka mpaka mikono ya dereva inakufa ganzi.

Nililijua hilo. Sitaki ufikiri sikujua.

Basi likaja lori la dereva mmoja wa kutoka Mbeya, tukimwita Baba Neema. Alikuwa amenizidi umri, mkimya, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi, amekuja Mtwara na mkewe na binti yao mdogo. Jioni hiyo Likombe kulikuwa na ngoma, mtoto wa dada yangu anatoka jandoni, na mjomba ndiye mimi. Kwetu mjomba hakosi kwenye jambo kama lile. Tairi la mwisho likawa gumu, halitaki kukaa kwenye rimu, na punje nimeshazimimina. Mafuta mazito ya kulilainishia yalikuwa stoo, na Mzee Ismaili kaenda kuswali na ufunguo wake mfukoni. Nikashindwa kumsubiri mtu amalize sala. Nikachukua maji ya sabuni, kama tufanyavyo kwenye matairi ya kawaida, nikayapaka kwa wingi, tairi likakaa. Niliona kabisa yanachuruzikia ndani. Nikajiambia yatakauka yenyewe, nikajaza upepo, nikaenda zangu ngomani.

Keshokutwa yake Baba Neema akarudi. Karakana ilikuwa imejaa madereva wenzake wa kambi ya Msimbati, wamekalia matairi mabovu wakisubiri zamu zao. Akasema kwa adabu, "Fundi, usukani unatetemeka. Naomba uniangalizie lile la mbele kushoto."

Ningeweza kusema, lete tulifungue. Badala yake nikazitazama zile nyuso zilizokuwa zinanitazama, nikaona haya kuonekana fundi aliyeharibu, nikapaza sauti. "Baba Neema, tairi halina neno. Kinachotetemeka ni mikono. Hizo pombe za kwenu umeziacha Mbeya kweli, au umekuja nazo?"

Walicheka, we acha tu. Mmoja alicheka mpaka akajishika mbavu. Baba Neema naye akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyekosa pa kuuweka uso wake, akapanda lori akaondoka. Baadaye nikaja kujua kwamba alikuwa mzee wa kanisa, na hakuwa anagusa hata bia.

Kicheko kile hakikubaki Chikongola. Kilipanda malori kikaenda Msimbati. Kule ikawa kila akishuka garini wenzake wanamwigiza mikono inavyotetemeka. Na kweli ilikuwa inatetemeka, maana alishinda ameshika usukani unaoruka. Bosi wa magari akasikia. Akalitazama lori kwa nje, akaona matairi mazima, upepo umejaa, kazi imetoka kufanywa juzi. Basi kwake mbovu akawa dereva. Akamnyang'anya ufunguo, akamweka getini awe anafungua na kufunga mpaka waamue kama wanaendelea naye au la.

Lori akapewa dereva mwingine, na huyo naye akaja kwetu kulalamikia mtetemo uleule. Safari hii alimkuta Mzee Ismaili. Mzee alilipiga lori jeki mwenyewe, akalifungua tairi, ndipo akaniita. Punje zilikuwa zimegandamana ubavuni kama ukoko wa uji, na bado zinanukia sabuni.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nikasema nilijua. Kisha nikaongeza, mjinga mimi, kwamba yale maneno ya pombe yalikuwa utani tu.

"Utani na nani?" Mzee akasema. "Sisi watani wetu tunawajua, na wao wanatujua. Mtani ukimtupia neno anakurudishia lake, hata msibani. Yule wa Mbeya una utani naye tangu lini? Angekurudishia nini, na yuko ugenini peke yake? Sabuni nakusamehe, sabuni ni haraka. Hilo lingine nenda ukalifute mbele ya walewale waliolisikia."

Nikasema ndiyo, Mzee.

Nikaenda Msimbati. Njia nzima napanga maneno, na yalikuwa maneno mazuri. Nikafika saa ya chakula, madereva walewale wamekaa kwa mama lishe nje ya kambi, wanakula wali na samaki, na Baba Neema kakaa kwenye kigoda chake getini, anakula peke yake. Pale ndipo palikuwa pa kusema. Wote walikuwepo, hata yule aliyejishika mbavu. Nami nikapita katikati yao, nikawasalimu, wakanijibu kwa mizaha, na mmoja akanitikisia mikono. Nikacheka nao. Nilicheka nao, mwanangu. Kisha nikamwita Baba Neema kando, nyuma ya lori, mahali ambapo hakuna anayetuona, nikamnong'oneza kwamba kosa lilikuwa langu, tairi lilikuwa na maji, anisamehe.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu tu, "Mdogo wangu, ulinicheka mbele za watu. Mbona radhi unaniomba nyuma ya gari?"

Nikamwambia nitarudi niwaeleze wenzake, na bosi nitamweleza, ila leo siku si nzuri. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye chakula chake.

Mzee Ismaili aliponiuliza kama nimekwenda, nikamjibu nimekwenda na nimeomba radhi. Huo haukuwa uongo, na ndiyo maana jibu lilinitoka kirahisi. Akaridhika, hakulifuatilia tena. Mimi nikabaki naisubiri ile siku nzuri. Leo kuna kazi nyingi, kesho kuna mvua, keshokutwa bosi nasikia hayupo. Nilipokuja kujikaza nikaenda, kwenye kigoda amekaa mtu mwingine. Baba Neema ameshaachishwa kazi, amepanda basi na mkewe na binti yake, wamerudi kwao.

Basi nikasimama pale kwa mama lishe nikasema yote, kwa sauti, sabuni na ngoma na pombe. Nikaingia na kwa bosi wa magari, nikasema tena. Bosi akasema ningemwambia mapema. Wale madereva wakanisikiliza, mmoja akasema, "Duh, masikini," wakaendelea kula. Nilijaribu namba ya simu ya Baba Neema mara nyingi, haikupatikana. Sijui kwao alisema amerudi kwa sababu gani. Sijui kama walimsadiki. Nikifikiria kwamba huenda na kanisani kwao habari za pombe zilifika, nashindwa kumaliza chai yangu.

Mwanangu, ninachokuusia ni hiki. Kazi ukiiharibu, sema umeiharibu palepale, wakati bado ni kazi ya kufungua tairi moja. Usimfanyie mzaha mtu asiye na namna ya kukujibu, halafu ukauita utani. Na ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, radhi yake nayo uiombe mbele za watu haohao, kwa sauti ileile uliyomchekea. Ile ya pembeni, ya kunong'ona, ilinipa nafuu mimi peke yangu. Yeye haikumpa kitu. Wala usingoje siku nzuri, mimi niliingoja na sikuiona.

Mwenyezi Mungu akupe mikono inayofanya kazi ya kweli na ulimi usiokukimbia. Akukinge na kosa ambalo uliyemkosea ameshaondoka kabla hujamfikia. Na Neema, ambaye sasa atakuwa mtu mzima popote alipo, Mungu amjalie siku moja akutane na mtu wa kumwambia kwamba mikono ya baba yake haikuwa na neno.