Kumrudisha Taramo Kundini

Mama akilala mchana alikoroma kwa adabu, kama mtu anayeburuta kiti polepole asiwasumbue majirani. Hiyo ndiyo sauti ya utoto wangu. Wengine wana jogoo. Alifanya kazi usiku katika nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Perry Barr, huku ughaibuni, na alipofika nyumbani asubuhi malori ya maghala ya hapa Nechells yalikuwa ndiyo kwanza yanarudi kinyumenyume yakilia pii, pii, pii. Alitupikia uji, akatupaka mafuta usoni tukang'aa kana kwamba tunaenda mahali, kisha akavuta pazia la chumbani. "Nisisikie mtu," alisema kila siku. "Nikisikia mtu, huyo mtu naye atanisikia." Fleti yetu ilikuwa na kuta nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya sebuleni, wa chumbani anajipangusa. Baba alikuwa akiishi ndani ya simu, yaani Eldoret, na kutoka humo alitusalimia Jumapili. Kwa hiyo likizo nzima ile ya kiangazi, mimi nikiwa na miaka saba na kaka yangu Timotheo kumi, tulibaki wawili na zulia, na kazi yetu ilikuwa moja tu: kutosikika. Sasa nina miaka kumi na sita, nimechoka kwa namna ambayo mwalimu wangu anasema si ya umri wangu, na bado nikicheka huwa natazama kwanza mlango wa chumbani.

Juu ya zulia lile tuliunda nchi iitwayo Kanoro. Ilikuwa na milima, ambayo ilikuwa mito ya sofa, na bahari, ambayo ilikuwa pale mahali mtu fulani alipomwaga juisi ya zabibu. Ilikuwa na wana wa mfalme wawili. Taramo alikuwa wa Timo: shujaa mrefu, mwenye upanga wa radi, ingawa kwa macho ya kawaida alikuwa kibanio cha nguo cha rangi ya buluu. Gulu alikuwa wangu, kibanio kifupi kilichovunjika mguu, naye alisafiri juu ya kifaru mwenye mabawa. Timo alikuwa na kipaji cha kuumba vitu, na mimi nilikuwa na kipaji cha kuviharibu. Akileta mchawi mwenye ndevu za moshi, mimi nauliza anazioshaje. Akileta uhasama wa karne na karne baina ya koo mbili, mimi nauliza nani alianza. Lakini sheria kuu tulikubaliana bila kubishana: nyuma ya ukuta amelala Malkia, na jeshi lolote litakalomwamsha litaangamia pamoja na adui yake. Kwa hiyo vita vyote vya Kanoro vilipiganwa kwa kunong'ona. Maelfu ya askari walishambulia wakiwa na soksi. Joka letu, ambalo kwa haki lingetikisa dunia, lilikuwa na mafua ya kudumu na lilizungumza kama mtu aliyemeza kitambaa. Majeruhi walikufa wamejiziba midomo kwa mikono yao wenyewe. Pepo wa barafu, alipoanguka, aliomba radhi kwa kishindo.

Mambo ya dhambi na msamaha tuliyachukua kanisani, maana hatukuwa na duka lingine. Ibada yetu ya Kiswahili ilifanyika katika ukumbi wa kukodi: Wakenya upande mmoja wakitazama saa, Watanzania na Biblia zao zenye zipu, Wakongo wakifika mwisho na kutuzidi wote kwa kuimba. Nyuma kabisa, karibu na rundo la viti vya plastiki, kulikuwa na benchi refu la mazoezi ya viungo. Hapo walikaa waliotengwa. Mtu akikosea jambo ambalo watoto hawaambiwi, wazee wa kanisa walimweka nyuma. Hashiriki meza ya Bwana, haimbi kwaya, anakaa tu mpaka wazee waone inatosha. Wakati huo alikuwa Baba Neema, mtu mnene aliyekuwa akitugawia peremende. Alikaa pale Jumapili baada ya Jumapili, mikono mapajani, kama anayengoja kunyolewa. Halafu siku moja akaitwa mbele. Alipiga magoti, akasema kwa kifupi kwamba alikosa, mzee akamwekea mkono kichwani na kupaza sauti, "Bwana asifiwe!" Ukumbi mzima ukajibu "Amina!" na tukapanga foleni kumpa mkono huku tukiimba. Baada ya ibada alikula mandazi kama sisi. Sijawahi kuona muujiza uliofanywa kwa utaratibu mzuri vile. Kesho yake Kanoro ikapata benchi la nyuma, pale kwenye ukingo wa dirisha, juu ya hita.

Kisha tamaa ikaingia Kanoro, na iliingia kwa mlango wa kawaida, pamoja na Mama na mifuko ya ununuzi. Kazini kwake kulikuwa na muuguzi Mkenya ambaye mwanawe alisoma Sutton Coldfield, katika shule ya kuingia kwa mtihani, ambako watoto hupanda treni asubuhi wamefunga tai kama mameneja wa benki. Mama aliporudi na habari hizo alimtazama Timo jinsi unavyoutazama mtungi wa gesi, ukikisia kilichobaki ndani. "Wewe," alimwambia, "una kichwa." Nikauliza mimi nina nini. "Wewe una mdomo," akasema, akaenda kulala. Vitabu vya mazoezi vikapanda mezani. Na Timo alipenda, jamani, tusidanganyane. Watu wakisimulia habari za wazazi na mitihani hupenda mtoto awe ameburutwa. Huyu hakuburutwa. Aliinyoosha shingo yake mwenyewe, akaanza hata kutembea kama mtu mwenye tai. Kanoro ikapewa muda mfupi kabla ya chakula, halafu ikapewa ahadi, halafu alasiri moja, nikiwa nimeizingira ngome ya Bwana wa Majivu na kifaru wangu yuko hewani, Timo alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye maswali yake:

"Dani, sikiliza. Taramo amefungua lango. Amemuuza Gulu kwa Bwana wa Majivu, amepewa taji, sasa ni mfalme. Mwisho."

"Huwezi kumuuza Gulu. Ni ndugu yake!"

"Nimeshamuuza."

"Kwa nini?"

"Ili hadithi iishe. Nina kazi."

Najua inachekesha, kibanio kuuza kibanio. Lakini sikuwa na mtu mwingine. Mama alikuwa ukuta unaokoroma, Baba alikuwa simu, na watoto wa ghorofa ya chini walinicheka Kiingereza changu kilichokuwa kimejaa Kiswahili. Kama Taramo angebaki mfalme, basi Timo alikuwa ameondoka kweli, na hata ile treni ya Sutton ilikuwa haijamfikia. Sikulia. Nilimchukua Taramo pamoja na taji lake nikamweka benchi la nyuma, na kuanzia hapo kila nilipopita karibu na meza nilinong'ona taarifa ya habari. "Mfalme Taramo hajapewa mandazi." "Mfalme Taramo ameanza kunuka." Timo aliandika tu. "Toka, Dani." "Mfalme Taramo anauliza taji hupikwa na nini." "Dani, wallahi nitamwamsha Mama." Hiyo ilikuwa silaha ya maangamizi na hakuna aliyethubutu kuitumia, kwa hiyo nikaendelea. Nilijaribu pia kuiendesha Kanoro peke yangu, lakini vita vya mtu mmoja vinachosha. Unapiga, unakimbilia upande wa pili kupigwa, unarudi. Adui wangu alinielewa mno.

Kufikia mwisho wa likizo joto lilikuwa limeifanya fleti inuke zulia lililopashwa moto na mafuta ya kuchulia ya Mama. Timo alikuwa amefanya zoezi moja refu na amelisahihisha mwenyewe kwa majibu ya nyuma ya kitabu. Niliona mabega yanacheza. Alikuwa analia kama tulivyofundishwa, bila sauti, na machozi yalikuwa yakidondokea kwenye yale maumbo ya mtihani ya kuyazungusha kichwani, ambayo mpaka leo sijui yana faida gani kwa binadamu. Nilisimama pale na taarifa yangu ya habari mdomoni. Baada ya muda akajifuta kwa shati.

"Taramo bado yuko nyuma?"

"Yuko."

"Anaweza kurudi lini?"

"Wazee hawajakaa."

"Dani, bwana. Tafadhali."

"Wazee wamekaa," nikasema, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa wazee.

Alimtoa Taramo dirishani, akapiga magoti kwenye zulia, kibanio kikiwa kimesimama mbele yake. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake, kilichokuwa cha moto kama sufuria, nikamwambia aseme alichokosa. Alianza kwa sauti nzito ya Taramo, ile ya kwenye milima, lakini ikamponyoka njiani. "Nilitaka taji kwa sababu kila mtu alisema kichwa changu kinalitosha," alinong'ona. "Sasa nimelivaa na linanibana. Na Gulu hayupo. Sina wa kumwambia." Sikuwa na mzaha. Naliandika hili kwa sababu ni tukio nadra. Nikasema Gulu yupo, alitoroka zamani, alikuwa nyuma ya sofa akingoja kuulizwa.

Hapo nikafanya kosa ambalo watoto wa ghorofa ya chini wasingeweza kulifanya hata wakifundishwa. Mtu akisharudishwa kundini kuna neno linalofuata, na halijawahi kunong'onwa na mzee yeyote wa kanisa duniani. Lilinitoka lenyewe, kwa sauti yote niliyokuwa nimeibana likizo nzima: "BWANA ASIFIWE!" Timo aliniziba mdomo, lakini ng'ombe ameshatoka zizini. Mkoromo ukakatika. Tukakaa tumeshikana, tukisubiri Kanoro iteketee, yeye, mimi, majeshi yote mawili na kifaru. Kisha kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti nzito ya mtu ambaye hajafungua macho.

"Amina."

Na mkoromo ukaendelea.

Tulicheka tumeuma mito ya sofa mpaka Timo akashikwa na kwikwi. Malkia mwenyewe ameitikia. Nani tena wa kupinga? Tukapanga foleni ya mtu mmoja, nikampa Taramo mkono, nikampa na Timo. Jioni tulimuuliza Mama kama alisikia chochote. "Mimi? Mimi nilikuwa nimelala," alisema, akiuchuja uji wa kwenda nao kazini, na mpaka leo hasemi zaidi. Timo alirudi mezani siku zilizofuata, lakini sasa vibanio viwili vilikaa juu ya kitabu wakati anafanya hesabu, na akikwama alimuuliza Gulu, ambaye alijibu upumbavu. Aliufanya mtihani. Alipita. Alifunga tai. Kanoro haikufa kwa usaliti. Ilikufa kwa ratiba ya treni na kazi za nyumbani, taratibu, bila hata mtu kutangaza msiba.

Tangu hapo nimesoma riwaya nyingi nene za majoka na mataji, zile zenye ramani mwanzoni. Ndugu wawili hawakosi. Mmoja anataka kiti cha enzi, anafungua lango, mji unaungua, na ukifika mwisho anajuta, anajitupa mbele ya mshale wa nduguye, anakufa akitabasamu. Watu wanalia. Mimi napiga miayo. Lakini naelewa kwa nini wanamuua. Ukimwacha hai, kesho yake atashuka kutafuta chai, na itabidi mtu amwonyeshe sukari iko wapi. Sisi tulimwacha Taramo hai na ikawa tabu tupu: askari hawakumwamini, hakuwa na cheo, na kwa siku kadhaa Gulu alimsemesha kupitia kifaru. Hiyo ndiyo sura ambayo sijaikuta katika kitabu chochote.

Timo sasa ana miaka kumi na tisa. Alipata chuo kikuu katika mji mwingine. Kanisa lilimwombea, Mama alipiga naye picha mlangoni mpaka simu ikajaa. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha alirudi na mabegi yake, akasema hataendelea, akapata kazi ghala moja la hapa mtaani. Mama hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alimpakulia chakula, akakifunika, akapita. Siku hizi yuko zamu za mchana, magoti yamemtangulia kuzeeka, na wanapishana kwenye korido wakisema "samahani" kama wageni hotelini. Nami katikati na mitihani yangu, nikitoa vichekesho ambavyo hakuna anayevipokea. Kwenye zulia mambo yalikuwa rahisi: ulijua nani alifungua lango, na ulijua nani apige magoti. Sasa sijui. Kuna wakati namwona Mama akikitazama kile kichwa cha Timo, nadhani anaogopa kwamba anayetakiwa kupiga magoti ni yeye.

Jana jioni zamu zilikubali tukala pamoja, sote watatu. Ugali, sukuma wiki na uchovu. Mama alikuwa anaitazama sahani yake.

"Timo, kesho yule mwenzangu wa gari hayupo. Utanipeleka?"

Timo ana kigari kikuukuu chenye mlango wa rangi nyingine. Tangu arudi, Mama hakuwa amemwomba kitu, hata kijiko.

"Saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu."

"Sawa, Mama."

"Uvae jaketi. Jioni kuna baridi."

Nilikuwa na mzaha tayari kuhusu ule mlango, mzuri kweli, wa kumwangusha mtu kitini. Niliumeza pamoja na ugali. Nikalisogeza bakuli la sukuma upande wa Timo, akajipakulia.