Kuku wa Pole

Mbwa wangu alikuwa na tabia moja mbaya, na hiyo moja ilitosha. Watu hakuwabwekea. Watoto wa plot, ile safu ya vyumba vya kupanga ninamoishi, walimvuta masikio akawaramba mikono, na paka wa jirani alizoea kulala mgongoni pake wakati wa baridi ya Julai. Lakini mwonyeshe mbwa mwenzake, hata awe ng'ambo ya reli, basi manyoya ya shingo yanasimama, anafoka, anavuta kamba mpaka anajinyonga mwenyewe. Na mtaani kwetu Gatwekera mbwa hawakosekani kichochoroni. Kwenda naye dukani kununua sukari ilikuwa vita, na mimi ndiye niliyerudi na mikwaruzo.

Alikuwa jike, rangi ya chai ya maziwa. Nilimtoa mtaroni akiwa mdogo, sikio moja limetafunwa na mbwa wakubwa wa huko sokoni. Nadhani ndiko chuki yake ilikotoka. Simlaumu, mimi mwenyewe mtu akinitafuna sikio sitamsahau.

Siku aliyomng'ata mbwa wa mama wa nyumba ya mwisho, caretaker, msimamizi wa plot, alikuja akasimama mlangoni pangu bila hata salamu. "Madam, huyu akiuma mbwa mwingine kwa hii plot, anaenda. Ama mnaenda nyinyi wawili, mimi sijali."

Caretaker yule hakuwa mtu wa vitisho vya bure. Mimi ni fundi wa nguo, naishi peke yangu na cherehani yangu, na kabla ya mbwa huyo nilishavunjiwa mlango nikaibiwa mpaka pasi ya makaa. Tangu alipoanza kulala kizingitini, hakuna aliyegusa kufuli. Sikumtaka tu, nilimhitaji. Na nilimpenda, nisije nikajifanya mtu mgumu.

Ushauri ulinijia bila kuuomba. Mmoja alisema nimchape. Mwingine, mama wa kanisa letu, alisema nimpeleke akaombewe, na hakuwa anatania. Shemeji peke yake hakucheka. Ni mume wa dada yangu mkubwa, na wakati huo waliishi Kawangware, upande wa mtaa unaoitwa Congo, katika chumba kimoja na watoto wao. Mwenye plot alikuwa mzee wa huko huko, ambaye baba yake alilima ardhi ile kabla haijaota mabati. Aliishi nyuma ya plot, kwenye nyumba ya mawe yenye geti jeusi, na alifuga mbwa watatu wakubwa. Shemeji ndiye aliyewalisha na kuwatembeza.

"Shem, huyo si mkali," aliniambia. "Huyo anaogopa. Mlete Sunday tumfunze pole pole."

Basi kila Jumapili baada ya ibada nilifunga safari ya miguu mpaka Congo, mbwa kwa kamba, mfukoni vipande vya mapafu ya ng'ombe nilivyochemsha na kukatakata vidogo. Watu wa njiani waliniita mama mbwa. Wengine waliuliza kama nimekosa mtoto wa kulisha nyama. Niliwajibu vibaya, maana mdomo ninao.

Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kuchosha kuliko kushona sare za shule. Shemeji alimleta mbwa mmoja wa mzee, dume jeusi, akasimama naye mwisho wa uwanja ulio mbele ya plot. Mimi nilisimama huku mbali, mahali ambapo wangu angemwona mwenzake lakini damu isimpande. Akimtazama yule mweusi kisha akageuza macho kwangu, anapata nyama. Akifoka, namgeuza tunaondoka, hakuna nyama wala matusi. Wiki iliyofuata tunasogea kidogo. Kuna Jumapili tulisogea sana tukaharibu yote, ikabidi tuanze tena kule mwisho wa uwanja. Shemeji hakukasirika hata siku moja. "Usimharakishe," alikuwa akisema. "Ukimharakisha atakuonyesha." Dada alitoka na chai, akatuangalia, akacheka, akasema hata yeye mumewe hajamfundisha kwa subira hiyo.

Nilimpenda shemeji siku zile. Nasema hivyo wazi kwa sababu baadaye watu walidai sikuwahi kumpenda.

Nilijua tumefika siku niliyompitisha mbele ya bucha ya Kambi Muru. Pale mbwa hujilaza kundi zima wakisubiri mifupa. Mmoja aliinuka akatufuata, akamnusa nyuma. Wangu alitetemeka, akanitazama usoni. Nilimpa kipande, akatafuna, tukapita. Mwenye bucha alitoka na kisu mkononi. "Huyu ni yule yule? Umempa dawa gani?" Nilitembea mpaka nyumbani kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Hata caretaker alikubali kwa kichwa.

Halafu mama akaanguka jikoni, kule kwetu magharibi, akavunjika nyonga.

Mkubwa ndiye hutangulia, na mkubwa ni dada. Lakini dada alinipigia simu kabla sijampigia. "Wewe huna watoto, nenda ukae na mama. Mbwa tuachie sisi, shemeji yako anamjua." Nililia kwa shukrani. Nilimpeleka mbwa Congo na kifurushi chake cha mapafu, nikapanda basi.

Kumuuguza mtu mzima si kazi ya kusimulia. Nilimgeuza mama kitandani, nikamwosha, nikamlisha uji, nikajifunza kulala nimekaa. Nilipouliza habari za mbwa, dada alisema yuko salama, anakula kuliko watoto. Mama alipoweza kusimama na mkongojo, binamu alikuja kunipokea zamu, nami nikarudi Nairobi.

Nilienda Congo moja kwa moja, begi mkononi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti, kichwa chini. "Shem, sijui nitakuambiaje. Mvua ya ngurumo ilipiga, akakata kamba, akatoroka. Nimetafuta mpaka Dagoretti."

Nilikaa kitandani kwao nikalia mbele ya watoto. Dada alinikumbatia. Akasema siondoki na njaa, akachinja jogoo mwekundu, mkubwa, ambaye miguu yake ilikuwa imefungwa nyuma ya mlango. "Huyu ni wa pole," alisema. Tulipokula, aliniwekea firigisi kwenye sahani yangu. Kwetu firigisi mwanamke haili. Ni ya mwenye nyumba. Nilimtazama shemeji, naye akasema, "Kula tu, shem, leo ni yako." Niliila. Niliona ni heshima, kwamba wameguswa na msiba wangu.

Nilitafuta. Niliuliza kwenye mabucha, majalalani, kando ya reli, kwa watu wanaosukuma mikokoteni. Kila nilipoona rangi ya chai, moyo uliruka. Usiku niliweka cherehani kuegemea mlango.

Nilikuja kumpata siku ambayo sikuwa namtafuta. Nilikuwa nimepeleka gauni la mteja Kawangware, nikasimama kununua hindi la kuchoma. Mama wa mahindi, aliyeniona Jumapili zote zile, akasema huku akipepea makaa, "Na siku hizi hutembei na mbwa wako? Ama kwa mzee ndiko amezoea? Mimi humwona hapo getini kila asubuhi, amelala na wale wakubwa wala hawapigani."

Hindi sikulichukua. Nilienda mpaka geti jeusi, nikachungulia kwenye ufa wa bawaba. Alikuwa pale. Amenenepa. Lile dume jeusi lilikuwa limelala karibu naye, na sahani yao ilikuwa moja. Nilimwita kwa sauti ndogo. Akaja mbio, akabandika pua ufani, mwili wote ukitikisika, wala hakubweka. Kwanza nilifurahi, nikasahau kila kitu. Hasira ilifika baadaye kidogo, lakini ilifika.

Niligonga. Mzee alifungua mwenyewe, mtu mpole wa koti la sufu, mzee wa kanisa. Alinitambua. "Karibu, mami. Umekuja kumwona? Umefanya vizuri."

"Nimekuja kumchukua. Huyu ni mbwa wangu, niliambiwa amepotea."

"Amepotea? Si wewe ulinipatia?" Akaniambia bila haraka, akipima kila neno. Kwamba mbwa wake humrarua kila mbwa mgeni, na alitafuta wa nne kwa muda mrefu. Kwamba shemeji alimwambia tangu mwanzo, "Mzee, tulia, kuna mmoja namfunza na hawa wako." Kwamba alipoona jinsi wanavyokaa pamoja, alimpa shemeji kazi ya kulinda plot, na nyumba ya caretaker, vyumba viwili na taa za stima. "Na mimi sikuchukua bure. Shemeji yako alisema kwenu mbwa hutolewa kwa kuku. Nilikutumia jogoo, mwekundu. Aliniambia ulimla ukashukuru."

Nilishika geti. Ni kweli, kwetu mbwa hauzwi, wala hatolewi mikono mitupu, maana hatakaa. Anayemtaka hutoa kuku, mwenye mbwa humla, na firigisi ni yake. Akishameza, mbwa ameondoka. Hata akirudi mlangoni kwako unamfukuza arudi kwa mwenyewe. Nililelewa na desturi hiyo. Na nilikuwa nimekaa kitandani kwa dada yangu, macho yamevimba kwa kilio, nikamla mbwa wangu mwenyewe na ugali, nikalamba vidole.

Kila Jumapili, basi. Chai ile, subira ile, usimharakishe ile. Nilikuwa nikimtembeza mbwa wangu kwa miguu yangu kumzoesha nyumba yake mpya.

"Mzee," nilisema, "nikikurudishia kuku?"

"Kama ulifanyiwa ujanja, lete kuku. Mimi sitaki kitu cha machozi kwa boma yangu."

Nilienda sokoni nikachagua jogoo mkubwa kuliko wote, nikambana kwapani. Nilipokuwa narudi, dada alikuwa amesimama njiani, leso imemwanguka bega moja, habari imeshamfikia. Hakuniomba msamaha. Ningetaka hilo liandikwe.

"Unataka kutumaliza? Huyo mzee akijua tulimdanganya, hiyo kazi imeenda. Watoto walale wapi?"

"Ulinipa firigisi, dada."

"Ungekubali kama tungekuomba?"

"Hamkuniomba."

"Si ni mbwa tu! Nitakupatia mwingine, Nairobi imejaa mbwa. Tulikuwa tunalala sita kwa chumba moja, na wewe unachemshia mbwa nyama!"

Hapo alinigusa, sikatai. Kama angenijia na maneno hayo mapema, na watoto wake nyuma yake, sijui ningesema nini. Labda ningelia siku mbili kisha nikamtoa mbwa kwa mkono wangu. Lakini hakunipa nafasi ya kuwa dada mwema. Walichukua, wakaniacha nizurure majalalani nikiita jina la mbwa ambaye walikuwa wakimlisha asubuhi na jioni. Jogoo alipiga mabawa kwapani, nikampita dada nikaenda.

Mzee alimpokea kuku kwa mikono miwili, akafungua geti. Mbwa wangu alitoka kati ya wale watatu bila kuwatazama. Shemeji alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, ndoo mkononi. Hakuinua macho, nami nikampita na mbwa wangu.

Kazi iliisha wiki hiyo hiyo, kwa sababu mzee hakutaka plot yake ilindwe na mtu wa namna ile. Walihamia chumba kingine, kidogo kuliko cha kwanza, na habari ikapanda basi kwenda nyumbani kabla yangu. Huko ilifika imekuwa fupi: alimchagua mbwa akamwacha dada.

Mama alinipigia simu nikiwa naweka uzi kwenye cherehani. Nilimsimulia yote: jogoo, firigisi, ngurumo ya uongo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo nimeyaelewa," alisema. "Lakini siku ukifa, mbwa atakuzika?"

"Mama, ulipovunjika, nani alikuwa anakugeuza kitandani?"

"Ni wewe, mwanangu. Ni wewe peke yako." Nilimsikia akivuta pumzi. "Lakini dada yako alinipigia kila jioni. Aliniambia amebaki kukutunzia huyo mbwa ili wewe upate kukaa na mimi. Niliweka simu kifuani nikambariki, yeye na nyumba yake, kwa jina la baba yako. Kuku umerudisha. Sasa hiyo baraka mimi nitairudishaje?"

Nikamwambia salio linakaribia kuisha, ingawa yeye ndiye aliyekuwa amepiga.