Kiwiko cha Mama Povu

Dobi wa klabu ya gofu, ambaye wote walimwita Mama Povu, hakuwahi kushika fimbo ya gofu hata kwa kuisogeza ukutani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa chumba cha nyuma, kati ya mabeseni matatu na dirisha moja, akikamua taulo za wanachama kwa mkono, kwa sababu mashine iliharibika mwaka wake wa kwanza na fundi alisema yuko njiani. Mkono huo wa kulia ndio uliosomesha watoto. Asubuhi moja ukagoma. Aliinua kikombe cha chai, kikamponyoka.

Daktari mmoja, naye mwanachama, alimkuta mlangoni kajishika mkono. Akambonyeza kiwiko upande wa ndani, Mama Povu akauma midomo.

"Hiki ni kiwiko cha gofu, mama."

"Gofu gani, daktari? Mimi huyu?"

"Kukaza ngumi na kukunja kifundo cha mkono kutwa nzima bila kupumzika. Msuli haujui umeshika fimbo au taulo." Akamwandikia cheti: wiki sita asiguse beseni, la sivyo mkono utakwisha kazi.

Meneja alikisoma mara mbili, maana ni mtu wa taratibu.

"Maradhi ya gofu ni ya wanachama. Una kadi?"

"Sina, bosi."

"Basi huwezi kuyaugua hapa."

Ndivyo alivyosema, jamani, uso mkavu. Mtu anaugua, anaulizwa kadi.

Jumamosi ile daktari akawakusanya wanachama barazani, kwani nao walikuwa wanaumia kila kukicha: huyu mgongo, yule bega, mwingine kifundo. Akawasihi wasikurupuke na miili baridi, wapashe mikono kwanza, wazungushe kiuno, wasiing'ang'anie fimbo kana kwamba wanaibiwa. Wengi walisinzia. Aliyesikiliza neno kwa neno alikuwa Mama Povu, dirishani.

Jumatatu, beseni la maji ya moto lilikuwa pale wanachama wanapoanzia kupiga mpira, taulo zimo ndani. "Daktari kasema mpashe mikono," akawaambia. Jaji mstaafu akakamua moja, akaona raha. Mara foleni. Watu wasiojua kwao kitambaa cha jikoni kinakaa wapi wakawa wanagombania taulo za kuogea na kusemana: huyu hakamui, anapapasa tu. Kuanika, akawaeleza, ni kwa ajili ya mabega. Wakaanika.

"Taulo tatu zinatosha, wazee," aliwaonya kila siku, maana kiwiko chake bado kilikuwa kikimuuma. Walimsikia wote isipokuwa mwenyekiti wa klabu. Mwenyekiti hakubali kuwa wa pili hata kwenye foleni ya sindano. Jaji akikamua tatu, yeye kumi. Akafika arobaini, kavua na saa. Wiki ya tatu akainua kikombe cha chai mbele ya wageni, kikamponyoka.

Mama Povu akaitwa ofisini. Alijua kazi imekwenda na maji. Alimkuta daktari kashika kiwiko cha mwenyekiti, upande ule ule wa ndani.

"Hiki ni kiwiko cha dobi," daktari alikuwa akisema. "Wiki sita za kupumzika." Hajamaliza, meneja keshagonga muhuri kwenye cheti.

Mama Povu akautazama muhuri ule. Hofu ikamtoka, ikaja hasira. Akatoa cheti chake mfukoni mwa aproni, kimelowa na kukauka mpaka kimekuwa kigumu.

"Bosi, maradhi ya gofu ni ya wanachama, nimekubali. Basi ya udobi ni ya dobi. Mwenyekiti anirudishie yangu, nami nimrudishie yake."

Meneja akavuta daftari la kanuni, akapekua mpaka mwisho. Taratibu ya jambo hilo hakuwa nayo.

Mwenyekiti akacheka, kicheko kikamfika kiwikoni. Akakivuta cheti kile. Daktari yule yule, wiki sita zile zile.

"Nawe kinakuuma hivi?"

"Hivyo hivyo, mzee."

"Kwani unakamua ngapi kwa siku?"

"Mia mbili."

Mwenyekiti akaomba kalamu. Alitia sahihi kwenye cheti cha Mama Povu kwa mkono wa kushoto, ikatoka kama kuku kaparura, na meneja akagonga muhuri.

Fundi wa mashine alifika kesho yake asubuhi. Kumbe ulikatika mkanda tu.